Kikombe Kimoja cha Dizeli

Madereva wenzangu mliobaki, kabla sijarudisha funguo mliniomba niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikiifikisha pikapu ya dizeli mbali kwa mafuta machache. Mmoja wenu alitaka iwe karatasi moja ya kubandika ukutani ofisini, karibu na kalenda. Nimejaribu, haikutosha. Katika mafundisho yangu kuna jambo moja ambalo inabidi lifutwe, na siwezi kulifuta bila kueleza lilivyoingia. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Dereva ana cheo kimoja tu, na hupewa siku ya kwanza pamoja na funguo.

Nilianzia Katesh, chini ya Mlima Hanang, miaka ile serikali ilipoanza kuwaachia watu biashara. Kabla ya hapo mafuta yalikuwa ya kibali. Unafika kwenye pampu, unaambiwa hakuna, unarudi nyumbani na kibali chako mfukoni. Baadaye mafuta yakawepo, pipa nyuma ya kila duka, ila ofisi ndiyo ikawa haina uwezo wa kuyanunua. Tukawekewa mgao. Pikapu ya afya ya wilaya, ambayo ndiyo niliyokabidhiwa, ilipewa mafuta ya wiki mbili, nayo yalikwisha siku ya nane. Siku zilizobaki gari lilikaa chini ya mti wa mgrivea likinyewa na ndege, na watu huko vijijini wakaendelea kuugua kama kawaida.

Bosi wetu akanituma kwa Fundi Ramadhani. Huyu alikuwa mzee mfupi, wazazi wake walitoka Kondoa wakafungua duka Katesh, na yeye akaona duka linamchosha akajenga gereji nyuma yake. Mimi nilikwenda nikitegemea ataniuzia kifaa fulani cha kupunguza mafuta. Nikamsalimia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Washa."

Nikawasha. Akasimama nyuma ya gari, mikono mgongoni, akatazama bomba la moshi kwa muda mrefu.

"Unauona ule moshi mweusi?"

"Nauona."

"Ile ni dizeli yenu. Mmeinunua, mmeibeba, halafu mnawapulizia mbuzi."

Siku hiyo hakugusa injini. Alitoa chujio la hewa, akaligonga polepole kwenye jiwe, na vumbi lililotoka lingetosha kupandia mchicha. Alinionyesha namna ya kulipuliza kutoka ndani kwenda nje, siyo kutoka nje kwenda ndani kama nilivyokuwa nikifanya, maana mimi nilikuwa nalishindilia vumbi badala ya kulitoa. Akapima upepo wa matairi asubuhi yakiwa baridi. Yote manne yalikuwa laini. Akanipeleka barabarani kilomita tano, akanisimamisha, akaniambia nishike rimu za magurudumu moja baada ya jingine. La nyuma kushoto lilikuwa la moto hadi nikarudisha mkono.

"Breki inashika," akasema. "Miezi yote hii umekuwa unaburuta gari huku umelifunga kamba."

Nilijifunza kwake kwa miaka mitatu, kila nilipopata nafasi. Alinifundisha kusafisha nozeli, kupima nafasi za valvu, kumwaga maji yanayojikusanya chini ya chujio la mafuta. Alinifundisha kuiacha dizeli ya pipa itulie siku nzima kabla ya kuifyonza, na kuinusa, kwa sababu wauzaji wapya walikuwa wepesi kuichanganya na mafuta ya taa. Alinilazimisha kuendesha peku.

"Vua viatu," alisema. "Buti lako haliijui pedali. Unyayo unaijua."

Mpaka nastaafu nimeendesha peku. Wakubwa wengi wamepanda gari langu wakadhani ni ushamba, na mimi sikuwasumbua kwa maelezo.

Somo lililomfurahisha zaidi lilikuwa la mlima. Alinipeleka kwenye mwinuko mmoja nje ya mji, akanipandisha mara mbili. Mara ya kwanza aliniamuru nisimame katikati, nivute breki ya mkono, kisha niondoke kwa gia ya kwanza. Injini ililia, moshi ukajaa. Mara ya pili aliniambia nianze kushika mwendo chini kwenye tambarare, nipande nao, nisiguse breki hata kidogo. Tulifika juu gari likiwa linapumua vizuri kabisa.

"Umesikia tofauti?"

"Nimesikia, fundi."

"Basi mlimani usisimame. Atakayekupungia, mwache. Utamchukua ukifika tambarare."

Hilo ndilo jambo ninalolisema.

Nilipohamishiwa Mbulu nilikuwa na jina tayari. Ofisi ilijua kwamba kuna dereva anayeweza kuufikisha mgao siku ya kumi na nne, na pengine akabakiza kidogo kwenye dumu. Nikapewa kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu vijijini. Jumatatu tulikwenda Bashay, Jumanne Daudi, huko juu kwenye mashamba na baridi, na mara moja kila wiki mbili tuliteremka Yaeda Chini na makasha ya chanjo. Nilikuwa na Sista Anjelina, muuguzi, mwanamke mpole lakini asiyependa mzaha, ambaye kwa miaka kumi na moja alikaa kushoto kwangu na daftari la watoto magotini.

Siku yangu ya kwanza Yaeda Chini niliaibika. Niliteremka kwa madaha, nikaingia kwenye ule udongo mweusi wa bondeni baada ya mvua, gari likazama hadi kwenye ekseli. Nilisukuma, nikakata matawi, nikachimba. Mwishowe akaja mtu mzima mmoja na maksai wanne. Hakuniuliza chochote. Alifunga mnyororo, akawasemesha ng'ombe wake kwa sauti ya chini, na gari likatoka kama jino bovu. Huyo alikuwa Mzee Boay, mkulima aliyekaa chini ya mlima, nyumba yake ukiiona kutoka kona ya kwanza ya barabara ya kupandia. Binti yake Elizabeti, wakati ule msichana wa shule, alituletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nilipotaka kumshukuru mzee kwa chochote, alikataa.

"Wewe unawaletea watoto sindano," alisema. "Mimi nikuache kwenye matope?"

Katika miaka iliyofuata alinitoa kwenye matope mara tatu nyingine. Nilimzoea, nikawa namsalimia kwa jina la ukoo wake, nikawa namletea chumvi ya ng'ombe kutoka Dongobesh.

Lakini lifti sikumpa. Sikumpa mtu. Uzito ni mafuta, na kusimama ni mafuta, na mimi nilikuwa nimeshapata sifa. Nilitoa tairi la akiba la pili, nikatoa keria ya chuma, nikatoa hata benchi la nyuma. Watu wa kule wakaniita Hasimami. Nililipenda jina hilo. Leo naona aibu kuliandika, lakini nililipenda.

Kisha mkoa wetu wa Manyara ukazaliwa, makao yakawekwa Babati, na wakubwa wapya wakataka kujua kila wilaya inafanya vizuri katika nini. Wilaya yetu ikasema: matumizi ya mafuta. Wakaambiwa yuko dereva. Bosi akaniita ofisini akaniambia kwamba daftari langu la safari la mwezi ule litapelekwa Babati kama mfano, na kwamba huenda nikaitwa kuwafundisha madereva wa wilaya nyingine. Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Nilijitisha mwenyewe.

Mwezi huo tulilala Yaeda Chini baada ya kliniki, na asubuhi yake tukaanza kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha jioni iliyotangulia. Ilikuwa mvua ndogo ambayo haikuharibu barabara bali iliishindilia. Kwa dereva wa mafuta machache hakuna barabara nzuri kuliko hiyo. Nilishika mwendo kwenye tambarare kama nilivyofundishwa, gia ya tatu, injini inaimba, nikaingia kona ya kwanza.

Mzee Boay alikuwa pembeni ya barabara. Alikuwa ameinua mikono yote miwili, na mkono mmoja ulikuwa na shuka. Hakusimama katikati. Nimelifikiria hilo sana. Mtu anayeogopa kwamba gari halitasimama husimama katikati, lakini yeye alisimama pembeni kwa heshima, kwa sababu mwenye gari alikuwa mimi.

Ilikuwa siku ya mnada huko juu, na siku ya mnada kila mtu anapunga mkono. Nikapita.

Sista Anjelina akageuka kwenye kiti.

"Paulo, yule si Mzee Boay?"

"Ndiye. Anakwenda mnadani."

"Anakimbia."

"Mnada unaanza mapema."

"Paulo, anakimbia nyuma yetu."

"Sista, hapa siwezi kusimama. Nikisimama hapa nimeharibu mlima wote."

Tulipita kona ya pili, na kwenye kona ya tatu, pale penye jiwe kubwa, nikaingiza gia ya pili kama kawaida. Tulipofika juu kwenye tambarare sikusimama vilevile. Nilitazama mshale wa mafuta, nikaona umeshuka kidogo sana, na nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Tuliteremka tena baada ya wiki mbili. Pale kliniki wanawake walikuwa wachache na hawakutaka kunitazama. Mhudumu wa zahanati ndiye aliyetuambia, na alimwambia sista, siyo mimi. Elizabeti alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Uchungu ulianza mchana ule ule tulipokuwa tunachanja, lakini wakadhani mambo yatakwenda vizuri. Alfajiri waliona damu. Wakamlaza kwenye machela ya miti na ngozi, wakambeba hadi kona ya kwanza, wakamweka nyuma ya kichaka kwenye kivuli wamsubirie pikapu ya afya. Walijua siku yetu ya kupanda. Kila mtu bondeni aliijua.

Tulipopita, wanaume sita waliiinua machela wakaanza kupanda kwa miguu. Waliteleza sana kwenye njia za mkato kwa sababu ya mvua. Elizabeti alifia kona ya tatu, penye jiwe kubwa, na mtoto naye ndani. Wakakaa pale kidogo, kisha wakageuka wakateremka naye.

Sista Anjelina alikuwa ameshika daftari la watoto. Alilifunga, akalifungua, akalifunga. Akaniambia tu, "Twende tukawape pole."

Kwenye msiba wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo nje ya nyumba, wale sita wakiwemo. Nilivaa viatu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Pole sana, mzee. Poleni wote." Kisha nikasema kitu ambacho nilikuwa nimekiandaa garini. "Siku ile sikukuona, mzee. Vumbi lilikuwa jingi."

Mmoja wa wale wanaume alikuwa bado amefunga kitambaa kwenye goti, pale alipoanguka kwenye utelezi. Sista alitazama chini. Mzee Boay aliitazama ile barabara yake kwa muda, kama mtu anayetafuta ng'ombe mlimani.

"Ndiyo," alisema. "Vumbi la barabara hii ni baya."

Akaniletea kigoda nikae. Nilikaa. Nimewahi kukaa mahali pengi pabaya katika kazi hii, kwenye magari yaliyopinduka na kwenye wodi, lakini mahali pabaya kuliko pote ni kile kigoda.

Mwezi uliofuata nilitafuta safari ya Katesh. Nilisema valvu zinahitaji kupimwa. Fundi Ramadhani alikuwa amezeeka, macho yameanza kuingia ukungu, lakini bado alikuwa akiketi mlangoni mwa gereji akisikiliza injini za watu na kuwatukana kimyakimya. Nikamweleza yote. Nilipomaliza nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanila.

"Fundi, ningesimama pale kona ya kwanza, nikampakia, nikaondoka tena. Ningechoma kiasi gani?"

Alikuwa anakunywa kahawa. Alimwaga iliyobaki chini, akanyoosha kile kikombe kidogo.

"Hiki. Kama umeondoka vibaya, kijae. Kama umeondoka vizuri, nusu."

"Lakini wewe uliniambia nisisimame."

Nilisema hivyo. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, na nilisema hivyo. Fundi aliweka kikombe chini.

"Mimi nilikuwa nazungumza habari za gari, Paulo," alisema. Akainuka akaingia ndani ya gereji. Hatukuonana tena.

Daftari langu la mwezi ule lilikwenda Babati. Lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Wakaniita. Kwenye ukumbi kulikuwa na madereva kama ishirini, soda, na ubao. Niliwafundisha chujio la hewa, upepo wa matairi, breki inayoshika, dizeli ya kutulizwa. Nikavua viatu kuwaonyesha, wakacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika kwenye somo la mlima, dereva mmoja wa Hanang, mtu wa rika langu, aliinua mkono.

"Mlimani mtu akikupungia, mwenzetu unafanyaje?"

Nilikuwa nimeshika chaki. Bosi wangu alikuwa mstari wa mbele amekunja miguu, ameridhika.

"Usisimame," nikajibu. "Utamchukua tambarare."

Wakaandika. Niliwaona wakiandika, ishirini wote. Baadhi yenu mnaosoma mlifundishwa na hao, kwa hiyo maneno hayo mnayo kwenye madaftari yenu.

Masika yaliyofuata nilizama tena bondeni, karibu na pale pale pa siku ya kwanza. Sista Anjelina alikuwa ameshaomba kuhamishiwa wodini. Hakunipa sababu, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa na muuguzi mgeni na akina mama wawili wagonjwa nyuma, niliopewa na zahanati niwapeleke hospitali. Nilijua nani atakuja, nikaomba Mungu asije. Alikuja. Maksai walikuwa wawili tu sasa. Alifunga mnyororo, akawasemesha ng'ombe wake kwa sauti ile ile, na gari likatoka. Wakati anafungua mnyororo tulikuwa tumeinama wote wawili mbele ya bampa, uso kwa uso, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakukuwa na mtu mwingine wa kutusikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo.

"Asante, mzee," nikasema.

"Nenda, baba," akasema. "Una wagonjwa."

Tangu siku ile nilisimama. Nilirudisha tairi la akiba la pili, nikarudisha benchi. Nilisimama kona ya kwanza kila nilipopanda, awepo mtu au asiwepo, nikavuta breki ya mkono, nikatazama nyuma ya kichaka, nikaondoka kwa gia ya kwanza. Mgao ukaanza kukwisha siku ya kumi na tatu. Waliniuliza ofisini, nikasema gari limezeeka. Huo pia ulikuwa uongo, lakini wa aina nyingine.

Mzee Boay alifariki mwaka mmoja kabla sijastaafu. Nilikwenda kumzika. Nilibeba udongo na koleo pamoja na wanawe, na mwanawe mkubwa akanishukuru mbele ya watu kwa kuwa dereva wa familia yao miaka yote hiyo.

Sasa chukueni madaftari yenu. Chujio mlipulize kutoka ndani kwenda nje. Matairi myapime yakiwa baridi. Rimu mzishike kila mnaposimama. Dizeli ya pipa muiache itulie, muinuse. Viatu mvue au msivue, shauri yenu. Lile neno la mlima mlifute kabisa, mkwaruze mpaka karatasi itoboke. Kusimama mlimani kunagharimu kikombe kimoja cha dizeli, kidogo, cha kahawa. Nimeshakipima.

Nimeomba nakala moja ya maandishi haya ipelekwe Yaeda Chini, kwenye nyumba iliyo chini ya kona ya kwanza, na mwenye kujua kusoma awasomee wengine. Wana wa Mzee Boay, siku ile hakukuwa na vumbi. Nilimwona baba yenu. Nilimwona kwa mbali, nikamtambua, nikaona kwamba analia, na nikakanyaga mafuta.